Gole, Firigisi na Kamba za Mzee Masanja

Tangu nistaafu, kuku wangu hapa Mlandege hawaumwi kabisa, na jambo hili linaniudhi kidogo. Miaka yote nilipokuwa kazini walikuwa wanaumwa siku za sikukuu tu, nikiwa nimeshavaa nguo ya kanisani. Sasa nina muda tele, wao wazima, wananiangalia kama wananidai pumba. Basi muda huu nimeona niutumie kuwaandikia ninyi vijana wa mifugo mlioko Iringa na Mbeya, hasa nyie mlioniuliza siku ya kuniaga kama ni kweli watu walikuwa wananiita Mama Firigisi. Ni kweli. Nitaeleza. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha, kwa sababu mnazijua na hazichekeshi.

Nilianzia hapahapa mjini Iringa, chini ya Mzee Kihwele, afisa mifugo wa siku nyingi, mrefu, mpole, asiyependa kusumbuliwa kabla ya chai. Siku ya kwanza nilimkuta nyuma ya nyumba yake ameinama bandani. Nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Akaitikia, kisha akanipa jogoo nimshike na kuniambia nipapase gole. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa majina ya vijidudu. Gole nilikuwa nimeliona kwenye mchoro tu, ule mfuko ulio chini ya shingo, ambako chakula hutua kwanza kabla ya kushuka kwenye firigisi kusagwa. Nikapapasa. Nikasema ni tupu. Akasema vizuri, asubuhi linatakiwa liwe tupu, usiku kucha amesaga. Ukilikuta asubuhi limejaa na gumu, kuna kitu kimeziba njia. Ukilikuta limejaa na laini, limelegea kama mfuko wa maji, na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia humo. Baada ya hapo ndipo akaniruhusu nikae, nikapewa chai.

Hilo ndilo somo lake kubwa na alilirudia mpaka anastaafu. Watu huja ofisini wakieleza ugonjwa, alikuwa anasema, na wewe waulize chakula. Mwenye kuku atakuambia "ana mdondo" kabla hujamsalimia, maana mdondo, ambao wengine mnauita kideri, ndiyo jina la kila kitu kinachoua kuku. Akiharisha, mdondo. Akisinzia, mdondo. Hata aliyekanyagwa na pikipiki niliwahi kuletewa, nikaambiwa alikuwa na mdondo ndiyo maana hakukimbia.

Mfuko wangu wa kazi ulikuwa kikapu cha sokoni. Ndani kulikuwa na kisu kidogo chenye makali, sindano na uzi, glavu, chumvi, chupa ya mafuta ya kula na kijiko. Kijiko kile nilikichora jina kwa rangi ya kucha baada ya kumkuta mume wangu anakorogea chai. Alikunywa, na hakudhurika, ila kwa wiki nzima alikuwa ananiuliza kama kuna mtu aliyemwona anasinzia.

Kuku wa mjini walinifundisha mengi. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyejenga banda la sakafu ya saruji, safi kuliko jiko langu, akawa analisha mahindi mazima, na mahindi yanatoka nyuma yakiwa mazima vilevile. Kuku hana meno jamani. Meno yake ni changarawe anazookota nje, zinakaa kwenye firigisi na kusaga. Nikamwambia akaombe changarawe kidogo kwa mafundi waliokuwa wanajenga jirani. Alidhani namtania. Mama mwingine aliyekuwa anapika komoni alikuwa anamwaga machicha ya pombe uani, kuku wanakula mpaka wanayumba, gole limefura kwa uchachu, na yeye alikuwa ameshaita mchungaji aje kuombea banda. Tulipoanza kuyafukia machicha, kuku wakapata akili. Mchungaji alikuja siku ya pili akakuta wote wanatembea wima, akashukuru Mungu, nami nikashukuru naye. Sikuona sababu ya kugombania sifa.

Sasa hilo jina. Ukitaka kujua kuku amekufa kwa nini, kama kuna shaka ya chakula, lazima ufungue firigisi. Na firigisi, kama mnavyojua, ina mwenyewe. Ni ya baba mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima, baba humpisha. Mwanamke anaisafisha, anaipika, anaiweka juu kabisa ya bakuli, basi, yake yameishia hapo. Mimi nikawa napita nyumba hadi nyumba, msichana mdogo kutoka chuoni, na jambo la kwanza ninaloomba ni firigisi. Wengine walinipa wakiwa wamenuna. Mzee mmoja wa huku Mlandege alimuuliza Mzee Kihwele mbele yangu kama serikali sasa inatulipa kwa firigisi. Mzee Kihwele akamjibu bila kucheka kuwa ndiyo, mpaka bajeti ipite. Kuanzia hapo nikawa Mama Firigisi, hata kabla sijapata mtoto wa kuniita mama.

Nilikaa Iringa miaka mingi, nikahamishiwa Igawa, pale barabara kuu inapopita Mbarali. Malori usiku na mchana, wauza vitunguu, wauza mchele, na vumbi la kutosha wote. Nilidhani jina nimeliacha nyuma. Wapi. Madereva wa malori wanabeba kila kitu, na jina langu walikuwa wamelishusha Igawa kabla sijafika na godoro langu.

Ndani kidogo kutoka barabarani, kwenye bonde la Usangu, kulikuwa na familia za Wasukuma waliohamia kutoka kaskazini kufuata majani na maji. Mmoja wao alikuwa Mzee Masanja, mkulima wa mpunga mwenye ng'ombe wachache, mtu wa heshima zake na hasira zake. Mkewe, Mama Kabula, ndiye aliyekuwa na kuku. Na kuku wa Mama Kabula hawakuwa wa mchezo. Aliwachanja matone ya jicho kila nilipotangaza chanjo, maji aliwabadilishia asubuhi na jioni. Ndiyo maana aliponipigia simu kuniambia kuku wanakwisha, nilishtuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Nilifika asubuhi kabla hawajafunguliwa. Nikapokelewa na mama na binti yake Kabula, msichana aliyekuwa anashona nguo pale Igawa. Mzee alikuwa amekaa pembeni ya ghala, hakuinuka. Nilimsalimia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, akaitikia kwa Kiswahili, nikajua leo kuna kazi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kabula alikuwa amepata mchumba, kijana mkulima wa tumbaku wa Chunya aitwaye Maduhu. Baba yake Maduhu na ndugu zake walikuwa wamepanga kuja Jumamosi ile kukaa na wazee, kula pamoja na kutamka neno lao. Sasa kuku wanadhoofika, wanakufa mmojammoja, na kinyesi ni cha kijani. Mzee Masanja alikuwa ameshaamua kuwa ni mdondo, kuku wote wachinjwe, na wageni wapelekewe habari wasije. Hawezi kukaribisha wakwe kwenye nyumba yenye tauni, alisema, halafu warudi Chunya na ugonjwa kwenye viatu vyao.

Kabula alinifuata mpaka bandani, akajifanya ananishikia kikapu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wakiambiwa wasije, hawatakuja tena. Baba wadogo wa Maduhu wana binti mwingine kulekule Chunya wanayemtaka awe mkewe. Wanatafuta sababu tu." Halafu akaanza kusafisha mlango wa banda ambao haukuwa mchafu. Nilimhurumia sana yule mtoto. Nilijua pia kuwa kama ni mdondo kweli, baba yake yuko sahihi na mimi sitaweza kumsaidia kitu.

Nikaanza kupapasa. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Kinyesi cha kijani kinawatisha wote, na mdondo kweli hutoa kijani. Lakini kuku ambaye chakula hakipiti naye hutoa kijani, kwa sababu kinachotoka ni nyongo tupu. Mdondo ungewafagia kwa siku chache, wengine wangepinda shingo, wengine wangehema kwa shida. Hawa walikuwa wanaisha taratibu, kifua kimebaki mfupa, na magole asubuhi ile yalikuwa yamejaa, magumu. Njaa na shibe kwa kuku mmoja. Nikasema moyoni, hapa pameziba. Lakini kusema moyoni hakumpi Mzee Masanja sababu ya kubadili neno.

Nikamwendea nikamwomba tumchinje yule aliyedhoofu zaidi, tufungue firigisi. Akasema habari zangu anazo tangu nilipokuwa Iringa, na kwamba nyumbani kwake kuku akichinjwa, firigisi inajulikana ni ya nani. Mama Kabula akainamisha uso. Nadhani alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

"Sawa mzee," nikasema. "Ni yako. Basi ifungue wewe mwenyewe, mimi nitaangalia tu."

Hilo hakulitegemea. Alichinja, akapasua, akaitoa firigisi akaiweka juu ya kigogo na kuikata kwa kisu chake. Kisu kikakwama. Akakata tena, akaifungua kwa vidole. Ndani kulikuwa na donge la buluu, limesokotana na majani na punje za mpunga zisizosagika. Akalivuta, likaja jingi. Zilikuwa nyuzi za nailoni. Alizitambua kabla yangu, nikaona uso unabadilika.

Niligeuka nikaangalia pale alipokuwa amekaa. Chini ya paa la ghala kulikuwa na viroba vya zamani vilivyofumuliwa, vile vya nailoni vyenye mstari wa buluu, na pembeni kamba mpya zimesokotwa vizuri, zimepangwa, zimefungwa kwa mafungu. Uwanja mzima ulikuwa umetapakaa vipande vya nyuzi alivyokuwa anakata mwishoni mwa kila kamba. Kuku akiona uzi mfupi unacheza na upepo, anaona mnyoo. Anameza. Anameza na mwingine.

Nikamuuliza kamba zote hizo ni za nini, maana ng'ombe wake walikuwa na kamba zao tayari. Mzee akakohoa. Mama Kabula akaangalia juu. Kabula ndiye aliyeelewa kwanza, akaingia jikoni haraka, na huko ndani tukasikia kicheko kinachozibwa kwa khanga. Zilikuwa kamba za ng'ombe wa mahari. Wakwe walikuwa hawajaja, hawajasema neno, hata idadi haijatajwa, na Mzee Masanja ameshasokota kamba za kuwafungia. Kamba za ng'ombe wa wakwe ndizo zilizokuwa zinaua kuku wa wakwe.

Hakuna aliyemcheka mbele yake. Tulifagia ule uwanja kuanzia ghala mpaka njiani, tukaokota uzi mmojammoja, na yeye aliokota kuliko wote. Wale ambao firigisi yao ilikuwa imeziba kabisa sikuwadanganya kuwa kuna dawa. Walichinjwa, wakaliwa na wenyeji. Waliobaki nikawanywesha kijiko cha mafuta, nikawapapasa gole taratibu kwenda chini, wakapewa uji mwepesi. Msiwaninginize kichwa chini kama nilivyoona wengine mnafanya. Yale maji machachu yanaingia kwenye mapafu, na kuku anakufia mikononi mwako mbele ya mwenyewe.

Kulikuwa na tetea mmoja mwenye madoa, mama wa nusu ya banda lile, ambaye gole lake halikulegea kwa mafuta. Huyo nilimpasua. Nilinyonyoa manyoya kidogo, nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikakata mkato mdogo mbali na mishipa, nikavuta nyuzi polepole mpaka zikaisha. Kisha nikashona gole lenyewe kwanza, halafu ngozi ya nje peke yake. Ukizishona pamoja zitashikana, kazi yako imeharibika. Aliyeshika miguu alikuwa Mzee Masanja. Alishika kwa upole mpaka nikasahau kuwa asubuhi alikuwa amenikasirikia.

Nilipokuwa naondoka, alinisindikiza. Akasema wageni waje kama ilivyopangwa, ila hili la kamba libaki hapahapa. Mkwe wake akisikia amesokota kamba kabla ya neno, atamwona mlafi anayeuza binti. Niseme tu kuku walikula takataka. Nikamwahidi, na niliona ana haki ya kuomba hivyo.

Jumamosi nilialikwa kwenye chakula, na nilitaka pia kumwona yule tetea. Nilimkuta anakunywa uji na kupigania nafasi. Jogoo wawili waliokuwa wakizurura upande wa mashamba, wazima kabisa, walikuwa wameshachinjwa, wali umeiva, uwanja unang'aa. Wageni walikuja na gari la kukodi, baba yake Maduhu, Mzee Luhende, pamoja na wadogo zake wawili na mshenga. Walisalimia vizuri, wakakaa. Lakini walikuwa wamesimama Igawa kunywa soda, na wafanyabiashara wa pale barabarani walikuwa wamewapa habari zote za nyumba wanayoiendea.

Bakuli likaletwa, firigisi juu. Kabula akapiga magoti na jagi la maji kuwanawisha. Mzee Luhende hakunyoosha mikono. Akasema kwa adabu kabisa kuwa wamekula njiani.

Kila mtu pale alielewa. Mgeni aliyekuja kwa neno la binti, akawekewa kuku na firigisi, akasema amekula njiani, huyo ameshajibu. Kabula alibaki amepiga magoti, jagi limeinama, maji yanadondoka kwenye beseni bila mikono ya mtu. Mdogo wake Mzee Luhende akamalizia kwa kusema wamesikia nyumba hii ina mdondo, na wao wana kuku wao nyumbani, wasije wakalaumiana.

Nikainuka, nikajieleza kuwa mimi ndiye mtaalamu wa mifugo wa eneo hili na kwamba hapana mdondo hapa. Kuku walikula takataka.

"Takataka gani, daktari?" akauliza yule mdogo mtu. "Maana na wewe naona umeshawekewa sahani."

Nilikuwa na jibu, na nilikuwa nimeahidi kutolitoa. Nikamwangalia Mzee Masanja. Yeye alikuwa anaangalia jagi mikononi mwa binti yake. Nikasema tena takataka za uwanjani, na nikasikia mwenyewe jinsi jibu lilivyokuwa jepesi. Yule mdogo mtu akaanza kutafuta kofia yake.

Mzee Masanja akainuka akatoka. Nilidhani amekasirika na mambo yameisha. Mama Kabula naye alidhani hivyohivyo, maana alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Halafu mzee akarudi amebeba kamba zote, mafungu yote, akaziweka chini mbele ya mgeni wake, karibu na bakuli. Na juu yake akaweka lile donge la buluu, ambalo sikujua kama alilihifadhi.

"Mkwe, kuku wangu hawana ugonjwa," akasema. "Wamekula nyuzi za kamba hizi. Kamba hizi nimezisokota mimi. Nilikuwa nasokota za ng'ombe wako, kabla hujaja, kabla hujasema lolote. Nilimwomba daktari anifichie, kwa sababu naona aibu. Sasa nimesema. Uniite mlafi ukipenda, lakini binti yangu usimwache amepiga magoti kwa ajili ya kamba zangu."

Mzee Luhende akalichukua lile donge, akaligeuza, akalirudisha. Akachukua kamba moja. Akaivuta kwa mikono miwili, akaikanyaga kwa mguu akaivuta tena, kama mtu anayenunua mnadani. Akampa mdogo wake naye aivute.

"Umesokota mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Na hizi zote ni za ng'ombe wangu?"

"Zote."

Mzee Luhende akazitazama zile kamba fungu kwa fungu, midomo inahesabu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akafuta macho, akamwambia mshenga kuwa miaka yote hajawahi kuona mtu anayemheshimu kiasi hiki, maana hata yeye hakujua kama ana ng'ombe wengi hivyo. Mshenga akacheka, wadogo zake wakacheka, yule wa kofia akaiweka chini. Mzee Masanja alichelewa kidogo, lakini naye alifika. Kisha Mzee Luhende akanyoosha mikono yake kwa Kabula, na Kabula akamimina maji. Alimimina kwa haraka, akamlowesha mpaka viwiko. Naye mzee akala firigisi yote.

Jioni, walipokuwa wanaaga, aliinama akachagua kamba moja kutoka kwenye fungu, akaizungusha mkononi mwake.

"Hii naondoka nayo," akamwambia Mzee Masanja. "Itarudi ikiwa shingoni mwa ng'ombe."

Kabula alikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. Aliiweka chini taratibu, akaja kusimama karibu na baba yake, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka gari lilipoingia barabara kuu.